Yale madoa ya kijivu kwa miti ya Nairobi, na kwa nini mvua ikinyesha yanageuka kijani

Kuna mjakaranda mmoja State House Road, unaupata ukiwa unapanda kutoka tauni, ambao nimeupita miaka sita karibu kila siku na ungeniuliza gome lake lina rangi gani ningekwambia kijivu, basi, mti ni mti. Halafu Juni moja, ile baridi yetu ya manyunyu ya asubuhi ambayo huwezi kuita mvua na huwezi kuita ukungu, nikainama pale chini yake kufunga kamba za kiatu, nikainua macho nikaona shina ni kijani. Majani sikuwa nimeyaangalia, nasema shina. Kijani ya ndizi mbichi, imetapakaa upande mmoja tu kama mtu amekuja usiku na brashi. Jioni nikirudi, jua limechomoza kidogo, nikaangalia tena, kijivu.

Hiyo kitu ilinisumbua wiki nzima. Kesho yake nikapita mapema makusudi, kijani. Jumamosi kukawa na jua tangu asubuhi, kijivu. Nikaanza kuangalia miti mingine njiani nikakuta karibu yote ina haya madoa, mengine ya mviringo kama sarafu, mengine yamekunjamana kwa kingo kama karatasi iliyolowa ikakauka, mengine ni kama rangi ya ukuta tu, nyeupe chafu. Miaka sita.

Kuna sababu mtu anapita kitu miaka sita. Jicho lenyewe linaona kwa ukali sehemu ndogo sana: nyoosha mkono mbele uangalie ukucha wa kidole gumba, hiyo ndio kama ukubwa wa sehemu unayoiona vizuri kabisa kwa wakati mmoja, kwingine kote ubongo unajazia kwa kile unachotarajia, na mtu wa Nairobi akitembea anatarajia pikipiki, shimo, mkokoteni, mtu wa kumkwapulia simu. Mti hausogei na haukugongi, kwa hivyo ubongo unauweka nyuma pamoja na ukuta. Mwaka 1999 wasomi wawili wa Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, walitoa jina la hii hali ya kutoiona mimea iliyo mbele yetu, wakaiita upofu wa mimea. Mimi nikisoma huo mwaka nakumbuka kitu kingine kabisa, juu ni Januari ya 1999 ambapo Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa kichwa pale Karura alipoenda kupanda mche kupinga msitu kugawanywa vipande. Kuna watu waliuona ule msitu kama ardhi tupu. Ukishindwa kuona kilicho kwa shina moja, ekari elfu mbili na zaidi utazionaje.

Sasa turudi kwa madoa, na nitaenda pole pole juu hii stori ina mafundo.

Shuleni wengi wetu tulikutana nayo kwa jina la laikeni, mistari miwili kwa kitabu cha bayolojia, tukakariri tukapita. Kwa Kiswahili utaikuta ikiitwa kuvumwani, na hilo jina mimi nalipenda sana juu ndani yake kuna jibu tayari. Kuvu ni ile jamii ya uyoga na ile kitu inaota kwa mkate uliolala siku nyingi. Mwani ni jamii ya vile vijani vya majini, kama ile utelezi inashika ndani ya tanki ya maji. Viumbe wawili wanaishi nyumba moja. Kuvu anajenga, anaweka paa na sakafu, anashika maji yasitoroke haraka, na mwani anakaa katikati, chembe ndogo ndogo huwezi kuziona kwa macho, na huyo ndiye mpishi, anachukua mwanga na hewa anatengeneza sukari, na sehemu kubwa ya hiyo sukari inaenda kwa mwenye nyumba.

Na hapo ndipo rangi inaeleweka. Gazeti lililofungiwa mandazi unalijua, pale mafuta yameshika karatasi inakuwa angavu hadi unasoma herufi za upande wa pili. Ngozi ya juu ya kuvumwani iko hivyo hivyo na maji. Ikikauka inaziba mwanga, unaona kijivu. Ikilowa inapitisha, unaona mwani ulio chini, kijani. Kumbe ile asubuhi ya Juni mti haukuwa umepakwa chochote, nilikuwa nimefunguliwa dirisha. Na hiyo kijani si ya urembo, mwani ukilowa ndio unaanza kazi, ndani ya dakika chache mtambo uliokuwa umezima unawaka tena. Ikikauka kila kitu kinasimama, haifi, inangoja tu, wiki, miezi. Kuna aina ambazo hata hazihitaji tone la maji, unyevu wa hewa peke yake unatosha kuziamsha, ndio maana zile asubuhi za Julai ambazo sisi tunalalamika hatuoni jua, hizi zinafanya kazi ya mwaka. Usishangae pia ukikuta moja ikilowa inakuwa nyeusi badala ya kijani, hizo mpishi wake ni wa jamii nyingine, bakteria wanaotumia mwanga vile mmea unafanya.

Nilimwonyesha mzee mmoja mlinzi wa geti, hapo karibu na Arboretum, nikiwa nimesimama kwa mparachichi ulioegemea nje ya ukuta wao. Aliniangalia kitambo halafu akaja.

"Kijana, umepoteza kitu?"

"Hapana mzee, naangalia tu haya madoa."

"Huo ni upele. Huu mti unaisha, uone matawi ya juu yamekauka. Nimesema ukatwe kabla hauangukii gari ya mtu."

Nikamwambia mzee hebu ngoja kidogo, nikafungua chupa yangu ya maji nikamwaga kidogo kwa doa moja kubwa kama kiganja. Tukangoja. Haikufika dakika. Ile kijivu ikaanza kuingia rangi kutoka ukingo kuelekea kati, pole pole lakini unaiona kwa macho yako, hadi kiganja chote kikawa kijani na kando yake gome kavu bado kijivu vile vile. Mzee akainama akaweka kidole, akakitoa, akakiweka tena. Akasema, "Kumbe hii kitu iko hai." Halafu akaniomba ile chupa akajaribu kwa doa lingine.

Lakini alichosema kuhusu mti kuisha lazima nikifungue, juu hilo ni fundo ambalo limekatisha miti mingi. Kuvumwani haina mizizi. Vile viuzi vidogo vilivyo chini yake ni vya kushikilia tu, haviingii kunyonya maji ya mti, chakula inajipikia na madini inapata kwa mvua na vumbi. Inamea hata kwa jiwe, kwa mabati ya zamani, kwa kaburi. Sasa mbona miti inayokufa huwa na madoa mengi? Juu mti ukianza kufa kwa sababu zingine, mizizi imekatwa na watu wa kuchimba mtaro, ama maji hayafiki, majani yanapungua, mwanga unaingia hadi kwa matawi, na kuvumwani inapenda mwanga. Imekuja kwa sababu mti umedhoofika, halafu inasingiziwa kwamba ndiyo imeudhoofisha. Nimeona watu wanakwangua shina na brashi ya waya ndio wapake chokaa, wanaumiza gome ambalo lilikuwa zima kabisa.

Hata wataalamu walibishana sana kuhusu hiki kiumbe, na hiyo sehemu ndio mimi naipenda kuliko zote. Mwaka 1866 bwana mmoja wa Finland aliyekuwa akiishi Paris, William Nylander, aliandika kwamba kwa bustani ya Luxembourg, katikati ya jiji, kulikuwa na kuvumwani za aina nyingi ambazo kwingine jijini hazipatikani, na akasema hizi zinaweza kutumika kupima uzuri wa hewa. Fikiria, hana mashine, ni mtu anatembea bustanini na macho yake na lenzi. Miaka thelathini baadaye, 1896, akaripoti kwamba bustani hiyo hiyo zimetoweka, moshi wa makaa umezimaliza.

Sasa huyo huyo Nylander, mwaka mmoja tu baada ya ile ripoti ya kwanza, 1867, Mswisi Simon Schwendener anasimama anasema kuvumwani si kiumbe kimoja, ni kuvu na mwani pamoja, na Nylander anakataa kata kata. Alikataa hadi alipokufa. Mtu aliyeona kitu ambacho jiji zima la Paris lilikuwa linakipita kila siku, alishindwa kukubali kilichokuwa chini ya darubini yake mwenyewe. Mimi hii inanigusa juu nilikuwa nafikiri kuona ni kazi ya macho makali tu, kumbe unaweza kuwa na macho makali kuliko wote na bado ile picha uliyoibeba kichwani ikakufungia njia.

Na haikuishia hapo. Watu walikubaliana na Schwendener mwishowe, ikaandikwa vitabuni, wawili, kuvu mmoja na mwani mmoja, karibu miaka 150. Halafu 2016 mtafiti Toby Spribille na wenzake wakatoa utafiti kuhusu kuvumwani mbili za Montana huko Marekani ambazo zilikuwa fumbo, kuvu ni yule yule, mwani ni ule ule, lakini moja ni ya kahawia na nyingine ni ya manjano na ina sumu. Wapangaji ni wale wale, inakuwaje nyumba mbili tofauti? Wakakuta kwa ile ngozi ya juu kuna mpangaji wa tatu, kuvu mwingine wa jamii ya hamira, ambaye kwa ile ya manjano alikuwa mwingi zaidi. Alikuwa pale siku zote.

Haya, hewa. Hili ndilo linatuhusu sisi wa hapa moja kwa moja. Jani la mti lina ngozi ya nta na vijitundu ambavyo linaweza kufunga na kufungua. Kuvumwani haina mlango wa kufunga, kila kilicho kwa hewa na kwa mvua kinaingia, na kinakaa. Ukali wa salfa unaotoka kwa moshi wa makaa na mafuta machafu unaua ule mwani, mpishi anakufa na nyumba inafuata. Zinakusanya hata madini kama risasi, kwa hivyo wataalamu wanaweza kuchukua kipande wakakipima maabara wakajua kando ya hiyo barabara kumepita nini. Na hazivumilii sawa: zile za kubandika kama rangi ya ukuta kwa kawaida ndizo sugu zaidi, zile za vijani vijani, yaani kama majani madogo, ziko katikati, na zile za ndevu ndevu zinazoning'inia kwa matawi ndizo za kwanza kuondoka.

Nilifanya kimatembezi kimoja Jumapili asubuhi nikijua hivyo. Nikaanzia Uhuru Highway pale kwa mzunguko wa University Way, ambapo matatu zikipanda gia moshi unauona kwa rangi yake, nikaangalia shina baada ya shina. Kulikuwa na za kubandika tu, tena kidogo, na masizi. Nikapanda State House Road, mbele kidogo zikaanza za vijani, ndogo ndogo kama kifungo cha shati, kufika kwa mjakaranda wangu ni kubwa kama sahani ya chai. Kufika Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa 1907, ndani kabisa kuelekea chini mtoni, matawi mengine huoni gome, na kwa tawi moja lililoanguka nikapata kishungi cha ndevu ya kijani-kijivu kirefu kama kidole changu. Nimetembea chini ya saa moja, sijapanda gari, na nimeona hewa ikibadilika kwa shina.

Hapa lazima niweke breki, juu najua mtu akimaliza kusoma ataenda kuangalia mti mmoja nje ya ploti yake aseme tumekwisha. Mkaratusi hauna madoa kwa sababu unabambua gome, mpangaji anapata nafasi mwenye ploti anabomoa ukuta, vivyo hivyo mpera. Mti mchanga bado haujakaliwa, hizi zinakua milimita chache kwa mwaka na zile za kubandika hata chini ya milimita moja. Pahali pakavu kunakuwa na chache hata hewa ikiwa safi kabisa, na chini ya kivuli kizito pia. Kwa hivyo ukitaka kulinganisha, linganisha mjakaranda na mjakaranda, unene unaokaribiana, urefu wa kifua chako, na uzunguke shina lote juu upande unaopokea manyunyu daima una nyingi. Na pia aina ya moshi inabadilika na miaka. Salfa kwa dizeli yetu ilishushwa, Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kikawa sehemu 50 kwa milioni, hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini magari yameongezeka na yanatoa gesi za naitrojeni pia, na kuna kuvumwani zinazopenda naitrojeni kama vile sukuma wiki inapenda mbolea. Unaweza kukuta shina limejaa kando ya barabara, ukafurahi, kumbe ni aina hizo tu zimejaa na zile nyeti zimeondoka. Wingi peke yake haukwambii, angalia ni za aina gani.

Kuna mambo mengine siwezi kuyapita. Ile karatasi ya litimasi ya kidato cha kwanza, unaichovya kwa asidi inakuwa nyekundu, rangi yake inatolewa kwa kuvumwani. Jamaa zake zinamea pwani kwetu, na karne ya 19 zilikuwa zinakusanywa kutoka kwa miti na mawe ya pwani ya Afrika Mashariki zinapakiwa Zanzibar kwenda Ulaya kutengeneza rangi ya zambarau ya nguo. Mwaka 2005 aina mbili zilipelekwa angani na chombo cha Foton-M2 zikaachwa wazi nje zaidi ya siku 14, bila hewa, na jua lisilochujwa, zikarudi zikanyweshwa maji zikaendelea. Na ukiona kale kandege ka mkia mrefu wa rangi ya kutu, dume mkia unazidi mwili, kanapita pita kwa bustani za Nairobi, tafuta kiota chake kwa panda ya tawi, ni kikombe kidogo kilichobandikwa vipande vya kuvumwani kwa utando wa buibui ndio kifanane na tawi. Nilikitafuta kimoja wiki mbili na kilikuwa juu ya benchi ninalokaa.

Vifaa havihitajiki vingi. Lenzi ndogo ya mkono inayokuza mara kumi inatosha, na kama hauna, weka tone dogo la maji kwa kioo cha kamera ya simu, geuza simu pole pole, sogea karibu sana, utaona vile vikombe vidogo ambavyo kuvu anatupia mbegu zake, vingine vina rangi ya chokoleti na ukingo mweupe, vimepangwa kama sufuria kwa duka la vyombo. Pia kuna unga unga kwa kingo za zingine, huo kila chembe ina kuvu na mwani pamoja tayari, upepo ukiipeleka kwa gome lingine nyumba inaanza na wapangaji wote wawili. Usibandue. Kitu kikubwa kama kiganja kinaweza kuwa kimeanza kabla uzaliwe.

Mimi kwa mjakaranda wangu niliweka sarafu ya shilingi ishirini kando ya doa moja nikapiga picha, Juni ile ile, na nimekuwa nikirudi kila Juni na sarafu hiyo hiyo. Sasa ni picha nne. Ukiziweka pamoja kwa simu huoni tofauti hadi uangalie ufa mmoja wa gome upande wa kushoto, ambao kwa picha ya kwanza uko wazi wote, na kwa ya nne doa limeufikia, limeanza kuuvuka.